Je, wajua? Vali ni mpya lakini moyo ni uleule: eko hujuaje nani atapona vizuri?

Chukua watu wawili wenye ugonjwa mmoja, vali ya aota iliyokakamaa. Wote wanabadilishiwa vali wiki moja, kwa mikono ya daktari yuleyule. Mwaka ukipita, wa kwanza anapanda ngazi huku akipiga soga. Wa pili bado anavimba miguu, na usiku hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Ukizikagua vali zao, zote zinafunguka na kujifunga sawasawa. Basi kilichowatofautisha ni nini?

Mara nyingi jibu lilikuwepo kabla hawajaingia chumba cha upasuaji, na lilionekana kwenye eko.

Eko ni ultrasaundi ya moyo: mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii hutumwa kifuani, mwangwi wake hurudi, na kompyuta huuchora. Ilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoazima mashine iliyokuwa ikitumiwa na waunda meli kukagua kasoro ndani ya chuma, wakaielekeza kwenye moyo wa binadamu. Wazo lenyewe halijabadilika sana tangu siku hizo: unachunguza ndani ya kitu bila kukipasua.

Vali ya aota ni mlango wa kutokea. Damu yote inayokwenda mwilini hupita hapo, ikitoka ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachousukumia mwili damu, kuingia aota, mshipa mkuu wa damu. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo hufunguka kiasi cha sentimita za mraba 3 hadi 4. Umri ukisonga, vipande vyake vitatu vyembamba vinaweza kujaa chokaa hadi vikawa vigumu kama ganda. Nafasi ikishuka chini ya sentimita moja ya mraba, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Kipimo cha kwanza cha eko ni mbio za damu. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, jeli ya baridi kifuani. "Vuta pumzi, toa, zuia hapohapo." Mashine inatoa mlio, shwaa, shwaa, na kwenye skrini vinajitokeza vilima vyeupe vilivyogeuzwa juu chini. Ncha ya kilima ndiyo kasi ya damu. Damu ikilazimishwa kupita penye wembamba hukimbia, kama maji ya bomba ulipobana mdomo wa mpira kwa kidole. Kisha inakuja hesabu ambayo binafsi naipenda kwa urahisi wake: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, halafu mara 4. Kasi ya mita 1 inatoa tofauti ya presha ya milimita 4 za zebaki kati ya pande mbili za vali. Kasi ya mita 4, ambapo ugonjwa mkali huanzia, inatoa 64. Yaani mkanda wa kupimia presha mkononi unaweza kusoma presha ya kawaida kabisa, huku ventrikali ikisukuma kwa nguvu kubwa zaidi kuliko hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini vipimo hivyo vinaeleza hali ya mlango tu. Havisemi misuli iliyousukuma kwa miaka imefikia wapi, na hapo ndipo utabiri wenyewe ulipo.

Kwa muda mrefu swali la misuli lilijibiwa kwa namba moja: ni asilimia ngapi ya damu iliyojaa ventrikalini hutoka kwa kila pigo? Ikiwa 60, watu waliridhika. Tatizo ni kwamba namba hii ina ulaghai wake. Ventrikali inayosukuma dhidi ya mlango mwembamba hunenepa kuta, kama mkono wa mbeba mizigo, na kuta nene hula nafasi ya ndani. Tuseme ventrikali ya kawaida inabeba mililita 120. Asilimia 60 yake ni mililita 72. Ile iliyonenepa inabeba 80 tu, na asilimia 60 yake ni 48. Ripoti zote mbili zitaandika "60%", lakini mwili mmoja unapata theluthi mbili ya damu inayopata mwingine. Ndiyo maana siku hizi wapimaji huangalia pia ujazo wa kila pigo ukilinganishwa na ukubwa wa mwili. Chini ya mililita 35 kwa kila mita ya mraba ya mwili ni dalili mbaya, hata asilimia ikivutia namna gani.

Kuna undani zaidi ya huo. Nyuzi za misuli ya moyo hazijapangwa upande mmoja. Za katikati huzunguka kama mkanda, ilhali za ndani kabisa hushuka kwa urefu, kutoka juu, upande wa vali, hadi kwenye ncha ya moyo iliyo chini. Hizi za ndani ndizo zinazobanwa zaidi na presha na kufikiwa na damu kwa shida, kwa hiyo huchoka kwanza. Za katikati zinafidia, moyo unaonekana kukaza vizuri, na hakuna anayeshtuka. Kipimo kiitwacho streni huufichua uchovu huo: kompyuta hufuata vidoa vidogo vya mwangwi ndani ya misuli na kupima ventrikali inafupika kiasi gani kwa urefu. Moyo wenye afya hufupika kwa karibu asilimia 20. Kwenye ugonjwa huu, ukifupika kwa chini ya takriban 15, hatari ya kufa huwa kubwa zaidi, hata kama ile asilimia ya damu inayotoka bado ni nzuri.

Madhara hayaishii ventrikalini. Hurudi nyuma, kinyume na mkondo wa damu, chumba kwa chumba. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Philippe Généreux iliyapanga kwa hatua, ikitumia eko za wagonjwa 1,661 zilizopigwa kabla ya kubadilishiwa vali. Hatua 0 ni moyo usio na madhara mengine. Hatua 1, ventrikali ya kushoto imeathirika. 2, atiria ya kushoto (chumba cha juu kinachoijaza ventrikali) au vali ya mitrali iliyo kati ya vyumba hivyo viwili. 3, mishipa ya mapafu au vali ya trikaspidi, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kulia. 4, ventrikali ya kulia. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hatua 0 walikuwa wamekufa asilimia 4.4, na waliokuwa hatua 4 asilimia 24.5. Wote walipata vali mpya. Tofauti ilikuwa ni umbali ambao ugonjwa ulikuwa umeshasafiri.

Wapo wagonjwa wanaosumbua kichwa: tundu ni dogo, lakini damu haiendi kasi. Je, vali ndiyo iliyoziba, au ni moyo dhaifu usio na nguvu ya kuifungua? Hapo hudungwa dawa ya dobutamini kidogokidogo huku eko ikiendelea. Moyo ukiamka na kusukuma angalau asilimia 20 zaidi kwa kila pigo, una akiba. Usipoamka, upasuaji huwa wa hatari zaidi, ingawa hiyo peke yake haitoshi kumnyima mtu vali.

Na eko ina mipaka. Kovu ndani ya misuli huonekana vizuri zaidi kwa MRI (picha za sumaku), na hakuna pembe ya kifaa inayoonyesha figo zilizochoka au mwili uliokonda kwa uzee. Hata mpimaji ni sehemu ya matokeo: mwale wa sauti ukiukata mkondo wa damu kimshazari badala ya kwenda nao sambamba, kasi itasomeka ndogo kuliko ilivyo, ndiyo maana wazoefu hutafuta mkondo uleule kutoka ubavuni, kulia kwa kifua, hata kwenye kishimo cha shingo.

Baada ya vali kubadilishwa, eko hurudiwa. Mpimaji hutafuta damu inayovuja pembeni mwa vali mpya, maana uvujaji usio mdogo huharibu matumaini, na huangalia kama vali iliyowekwa si ndogo mno kwa mwili wa mwenyewe. Kasi iliyokuwa zaidi ya mita 4 huporomoka siku ileile, ikawa karibu 2. Kuta zilizonenepa hazina haraka hiyo: hupungua kwa miezi, na zile zenye kovu hazirudi kamwe zilivyokuwa.