CPL ni nini hasa, na kwa nini uinunue kabla ya begi

Wengi wakishapata kamera mpya wanakimbilia begi, tripodi na fleshi. Kwa sisi tunaopiga picha pwani naomba uanze na CPL, yaani filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'aro, kwa sababu kazi yake huwezi kuifanya baadae kwenye kompyuta. Mng'aro ukishafunika rangi ya maji, ile rangi haikuingia kwenye picha kabisa, sasa utaitoa wapi?

Iko hivi. Mwanga wa jua unatikisika pande zote, lakini ukigonga maji, jani la mkoko au mchanga uliolowa ukarudi machoni kwako, unakuwa unatikisika zaidi kwa kulala. CPL inafanya kazi kama uzio wa fito, ubao uliosimama unapenya katikati, uliolazwa unakwama. Ukiizungusha ndo unachagua fito zikae upande gani. Siku moja Bagamoyo, maji yamekupwa, nilikuwa kwenye kidimbwi ubavuni mwa ngalawa, bila filta naona weupe wa anga tu juu ya maji, nikazungusha taratibu mpaka weupe ukaanza kufutika, nikaona kamba ya nanga, mchanga wenye mistari na kaa mdogo kajibanza chini. Inakubali zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari, nyuzi 37 hivi toka usawa wake, ukiyatazama wima toka juu haisaidii kitu. Mabati nayo hayasikii, mng'aro wa chuma kitupu haukwami.

Angani ndo watu wengi wanakata tamaa wanasema filta mbovu. Anga inakolea pale penye pembe mraba na jua tu. Nyoosha kidole cha shahada kwenye jua, gumba likae kama herufi L, alafu zungusha mkono, kila gumba linapoelekea ndo anga itakolea. Bagamoyo jua linachomoza upande wa baharini, kwahiyo saa mbili asubuhi ukielekeza kamera baharini hupati kitu, saa kumi jioni jua liko mgongoni nako hivo hivo, inabidi upige kufuata ufukwe, huku au kule. Saa sita mchana jua likiwa utosini anga ya chini inakolea pande zote, na ni muda ambao wengi wameshafungasha! Nenda sehemu moja nyakati zote hizo tatu, piga picha ileile, utajifunza kuliko video kumi. Ila kwa lenzi pana sana anga inatoka na doa la bluu katikati, hapo itoe. Jioni kiza kikianza itoe pia, inakula nusu mpaka robo tatu ya mwanga.

Saizi sasa. Mdogo wangu alinunua ya 55 kwa vile lenzi imeandikwa 18-55, kumbe hiyo ni kuvuta karibu na mbali, kinywa cha lenzi yake kilikuwa 58, ikabidi airudishe. Angalia mbele ya lenzi, au ndani ya kifuniko chake, kialama cha duara lenye mstari Ø, namba inayofuata ndo ya filta. Ile C kwenye CPL ni "circular", yaani ya duara, ila siyo umbo la filta, ni aina ya polaraiza isiyoichanganya fokasi ya kamera. Na unapozungusha, zungusha kwa upande wa kukaza siku zote, la sivyo itajifungua taratibu ikudondokee baharini.

Kabla hujalipa, omba kalkuleta ya muuzaji. Iweke mbele ya filta, namba zikuelekee, wewe chungulia kwa upande wenye meno ya kufungia, zungusha. Kioo cha kalkuleta kikifika mahali kikawa cheusi tii alafu kikarudi, hiyo ni polaraiza kweli. Kisipobadilika, umeshikishwa kioo cheusi tu, mrudishie.