Usimamizi wa wafanyakazi unaojali mazingira mgahawani: maana yake

Mgahawa unaweza kununua majiko yanayobana matumizi na bado ukamaliza gesi vilevile, kwa kuwa mpishi huwasha plati zote asubuhi na kuzizima usiku. Usimamizi wa wafanyakazi unaojali mazingira unahusu pengo hilo: utunzaji wa mazingira unaingizwa katika kuajiri, kufundisha, kupima kazi na kutuza wafanyakazi. Bango la “zima taa” ukutani halitoshi.

Kwenye kuajiri hakuna mengi. Maelezo ya kazi yaseme wazi kwamba mtunza stoo hutoa kwanza bidhaa iliyotangulia kuingia, na mwosha vyombo haanzishi mashine mpaka ijae. Kwenye usaili, mpe mpishi karoti amenye, kisha tazama ndoo ya maganda.

Mafunzo yafanyike jikoni, wiki ya kwanza. Nyama iliyoganda ihamishiwe kwenye friji siku moja kabla, isiyeyushwe kwa maji ya bomba yanayotiririka. Mafuta yaliyotumika yapoe, yatiwe kwenye dumu lenye mfuniko; yakimwagwa kwenye sinki huganda na kuziba bomba. Kwa kuwa watu wa migahawani huhamahama, semina ya mara moja kwa mwaka huwakosa wengi. Dakika 15 kabla ya zamu, kila mwezi, zinafaa zaidi.

Kazi kubwa iko kwenye kupima. Weka ndoo tatu: ya vilivyoharibikia stoo, ya mabaki ya maandalizi, na ya vilivyorudi kwenye sahani. Zipimwe kila zamu inapoisha, ukitoa uzito wa ndoo tupu, kisha gawanya kwa idadi ya sahani zilizouzwa. Kilo 18 kwa sahani 150 ni gramu 120 kwa sahani; kilo 24 kwa sahani 240 ni gramu 100. Anayetazama kilo peke yake ataikaripia zamu iliyofanya vizuri zaidi. Ndoo ya tatu ikijaa, mhudumu asilaumiwe haraka: huenda kipimo cha kupakua ni kikubwa mno, na hicho kilipangwa na meneja.

Kwenye tuzo ndiko wengi huharibu. Bonasi ya mtu mmoja mmoja huwafanya watu wafiche mabaki kabla ya kupimwa, au, vibaya zaidi, wampelekee mteja chakula kilichoanza kuchacha. Tuzo iende kwa zamu nzima, mwosha vyombo akiwemo, na anayeandika kilo nyingi kwa ukweli asikatwe kitu. Chakula kisicho salama kitupwe tu, hata kama kitaharibu hesabu ya mwezi.

Mwosha vyombo huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, maana anaona kila sahani inayorudi. Akisema majani ya kupambia hayaguswi na mtu, yaondoe kwa wiki moja, kisha rudi kwenye mizani.