Tuzo za fasihi za Bulgaria: maana yake na kazi yake

Tuzo ya fasihi ni heshima anayopewa mwandishi, mara nyingi pamoja na fedha, baada ya jopo la majaji kusoma vitabu vilivyoshindanishwa na kuchagua kimoja. Maana hiyo ni ileile kila mahali. Huko Bulgaria, nchi yenye watu wapatao milioni 6.5, tuzo hizi zina kazi mbili, na ni vyema kuzitenganisha.

Kazi ya kwanza ni ya nyumbani. Tuzo nyingi za Kibulgaria zimepewa jina la mtu aliyekwisha kufariki, na kila moja ina mji wake. Plovdiv kuna tuzo ya Hristo G. Danov, mchapishaji aliyeanza kutoa vitabu vya Kibulgaria katika karne ya 19, nchi ikiwa bado chini ya Waturuki. Tuzo yake haiishii kwa watunzi: wachapishaji, wafasiri na wasanii wa vitabu nao hutambuliwa, na hilo linamfaa mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha kitabu kinamfikia msomaji. Mji huohuo una tuzo ya ushairi yenye jina la Ivan Nikolov. Dimitrovgrad wanamkumbuka mshairi Penyo Penev. Ruse, mji ulio kando ya mto Danube, una tuzo ya Elias Canetti, aliyezaliwa hapo mwaka 1905, akaandika kwa Kijerumani na kupata Nobel mwaka 1981. Napenda kwamba mji ule haukumkana kwa sababu ya lugha aliyoichagua. Leo jina lake linawainua watu wanaoandika kwa Kibulgaria. Nyingine hazina marehemu nyuma yake, kama tuzo ya Helikon, inayotolewa na kampuni ya maduka ya vitabu kwa kazi mpya za nathari.

Kazi ya pili ni kukivusha kitabu nje ya mipaka ya nchi. Hapa mfano mkubwa ni Georgi Gospodinov, aliyezaliwa Yambol mwaka 1968. Riwaya yake ya mwaka 2020 inasimulia zahanati ya watu waliopoteza kumbukumbu, ambamo kila ghorofa imepambwa kama muongo fulani wa zamani, hadi mataifa mazima ya Ulaya yanapiga kura kuchagua wakati uliopita wa kurudi kuishi. Tafsiri yake ya Kitaliano ilipata Strega ya Ulaya, tuzo ya Italia kwa vitabu vya Ulaya vilivyotafsiriwa, mwaka 2021. Kisha, Mei 23, 2023, tafsiri ya Kiingereza ikashinda jijini London Booker ya Kimataifa, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, kikawa kitabu cha kwanza cha Kibulgaria kufanya hivyo. Kesho yake ilikuwa sikukuu ambayo Wabulgaria huadhimisha maandishi na utamaduni wao. Usingeweza kuwapangia tarehe nzuri zaidi.

Booker hiyo hutoa pauni 50,000, nusu kwa mwandishi na nusu kwa mfasiri, ambaye safari hiyo alikuwa Angela Rodel. Kwangu mimi huo ndio mgawanyo wa haki. Jopo la London halikusoma Kibulgaria. Kila sentensi waliyoipenda ilikuwa imepita mikononi mwa Rodel.

Kati ya kazi hizo mbili ipo Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya, inayowatafuta waandishi ambao bado hawajajulikana nje ya nchi zao. Kalin Terziyski aliipata mwaka 2011, na Milen Ruskov mwaka 2014. Matukio ya riwaya ya Ruskov yanatokea mwaka 1872, na waasi wake wanazungumza Kibulgaria cha karne hiyo, kilichojaa maneno ya Kituruki. Kitabu cha namna hiyo humtoa jasho mfasiri yeyote, na wachapishaji wa nje hukiogopa. Ndiyo maana kinahitaji tuzo kuliko kitabu chepesi ambacho kingejiuza chenyewe.