Njaa ya utotoni na unene wa ukubwani: vinavyokutana kwenye ini

Ini husemekana kuwa na mafuta pale ambapo mafuta yamejikusanya ndani ya asilimia 5 au zaidi ya seli zake, bila pombe kuwa chanzo kikuu. Wengi walio na hali hii hawajui kwamba wanayo, kwa kuwa haiumi. Baadhi yao hupata uvimbe wa ini, kisha makovu, na wachache huishia kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au saratani. Unene, hasa wa tumboni, unajulikana sana kama chanzo chake. Kisichojulikana sana ni kwamba njaa aliyoipata mtu akiwa tumboni mwa mama au katika miaka yake ya kwanza inaweza kulifanya ini lake liathirike zaidi na unene huo.

Kijusi kinapokosa chakula cha kutosha, damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo, na viungo vingine hupata masalia. Kongosho hukua likiwa na seli chache za kutengeneza insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli, misuli hubaki michache, na mwili mzima huzoea kubana matumizi, sawa na nyumba iliyojengwa kwa matarajio ya ukame. Mwaka 1992 watafiti Nicholas Hales na David Barker wa Uingereza waliliweka wazo hili katika nadharia: mwili uliojiandaa kwa uhaba hudhurika ukikutana na wingi.

Tatizo, basi, si njaa peke yake. Mtu aliyezaliwa na uzito mdogo akaendelea kuishi kwa chakula cha kiasi anaweza asipate shida yoyote. Akinenepa, misuli yake michache hushindwa kuipokea sukari yote iliyomo kwenye damu, insulini hupungukiwa nguvu, na mafuta ya tumboni huanza kuachilia asidi za mafuta bila breki. Sehemu ya asidi hizo hupitia kwenye mshipa unaotoa damu kwenye utumbo na kuipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini nalo, huku likipokea mzigo huo, huendelea kutengeneza mafuta mapya kutokana na sukari iliyozidi. Ndiyo maana kitambi cha mtu anayeonekana mwembamba mikononi na miguuni hakipaswi kupuuzwa.

Ushahidi kwa binadamu umetokana na majanga. Magharibi mwa Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mgao wa chakula ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Waliokuwa matumboni wakati huo walionekana, walipofikia umri wa miaka 50 hivi, wakishindwa kuidhibiti sukari vizuri kama wenzao. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa waliotungwa mimba katika kipindi hicho walikuwa na alama tofauti za kikemia kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji, wakilinganishwa na ndugu zao wenyewe ambao hawakupitia njaa hiyo.

Tafiti za China kuhusu njaa ya 1959 hadi 1961 ndizo zilizoligusa ini lenyewe: baadhi zimeonyesha mafuta mengi zaidi kwenye ini la walioipitia wakiwa wadogo, hasa wanawake. Hapa, kwa maoni yangu, inafaa kusoma kwa tahadhari, kwa kuwa walioikosa njaa hiyo mara nyingi ni wale waliozaliwa baada yake, yaani ni wadogo kiumri, na umri wenyewe huongeza mafuta kwenye ini. Ulinganisho wa ndugu kwa ndugu, kama ule wa Uholanzi, una uzito zaidi.

Aliyezaliwa njaani hawezi kuibadilisha historia hiyo, lakini uzito wake wa sasa unabadilika. Kupunguza asilimia 5 ya uzito wa mwili hupunguza mafuta kwenye ini, na kufikia asilimia 7 hadi 10 kunaweza kutuliza uvimbe na hata kupunguza makovu. Kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini kinaweza kuonekana cha kawaida huku mafuta yakiwemo, kwa hiyo mwenye kitambi au kisukari, akijua pia kwamba alizaliwa na uzito mdogo, ana sababu ya kumweleza daktari hayo yote kwa pamoja.