Je, wajua kwa nini dhamana, faini na adhabu za kikatili zimetajwa pamoja katika Katiba ya Marekani?

Mei 1685, jijini London, mtu mmoja alifungwa nyuma ya mkokoteni akachapwa viboko njia nzima, kutoka Aldgate hadi Newgate. Alipumzishwa siku moja tu, kisha akatolewa tena ili achapwe kutoka Newgate hadi Tyburn. Safari hii hakuweza hata kusimama, wakamburuta.

Jina lake Titus Oates, na wachache sana walimhurumia. Miaka saba kabla alikuwa amezusha kwamba Wakatoliki wana njama ya kumuua Mfalme Charles wa Pili. Uzushi ule uliaminiwa, na watu wasiopungua 15 wakauawa kwa ushahidi wake. Ulipogundulika, alishtakiwa kwa kiapo cha uongo, kosa ambalo kwa sheria ya wakati huo halikuwa na adhabu ya kifo. Jaji George Jeffreys na wenzake hawakuridhika. Wakamrundikia faini, kuvuliwa mavazi ya ukasisi, viboko, kifungo cha maisha, na juu ya hayo atolewe kila mwaka asimamishwe hadharani, shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao, mpaka siku atakayokufa.

Mwongo huyu, ambaye mimi binafsi nisingempa hata maji ya kunywa, ni mmoja wa sababu za kuwepo kwa Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, kifungu kinachotaja mambo hayo matatu.

Mfalme James wa Pili alipokimbia kiti chake, Bunge la Uingereza lilitunga Hati ya Haki mwaka 1689. Ndani yake likaandika kwamba dhamana isidaiwe kupita kiasi, faini isitozwe kupita kiasi, na adhabu za kikatili zisizo za kawaida zisitolewe. Mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Kwa nini yakae pamoja?

Kwa sababu waliokuwa wakiumizwa waliyaona kama kitu kimoja. Sheria ya mwaka 1679 ilikuwa imewabana wafalme: aliyekamatwa lazima afikishwe mbele ya jaji upesi, asiozee gerezani bila kusikilizwa. Majaji wa mfalme wakapata upenyo. Dhamana wanatoa, lakini wanataja kiasi ambacho mtu hawezi kukipata hata akiuza kila alicho nacho. Faini nayo ikatumika vivyo hivyo. Mwaka 1684 mwanasiasa John Hampden alitozwa pauni 40,000, fedha ambazo wakati huo zilikuwa utajiri wa kutisha. Hakuweza kulipa, akabaki ndani. Yaani kwa karatasi ni faini, kwa vitendo ni kifungo kisicho na tarehe ya kutoka. Na asiyemalizwa kwa dhamana wala faini, kuna viboko vya Oates. Mtu anaweza kuangamizwa kabisa bila kuhukumiwa kifo na bila sheria yoyote kuonekana imevunjwa.

Maneno hayo yakavuka bahari. Virginia iliyaandika mwaka 1776, na mwaka 1791 yakaingia katika Katiba ya Marekani karibu kama yalivyo, maneno 16 tu ya Kiingereza. Yalipojadiliwa mwaka 1789, mbunge Samuel Livermore wa New Hampshire alilalamika kwamba hayana maana ya kushikika. Wakati mwingine, alisema, ni lazima kumnyonga mtu, na wahalifu wengi wanastahili kuchapwa, pengine hata kukatwa masikio. Leo tunamcheka, ila swali lake lilikuwa zuri. “Kupita kiasi” ni kiasi cha nani?

Kwa upande wa dhamana, Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 1951. Wakomunisti 12 wa California walipangiwa dhamana ya dola 50,000 kila mmoja. Mahakama ikasema kazi ya dhamana ni kumfanya mshtakiwa arudi siku ya kesi, basi. Kinachozidi hapo ni kupita kiasi. Jibu safi, lakini lina mianya miwili. Kwanza, mwaka 1987 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba jaji anaweza kumnyima mshtakiwa dhamana kabisa akimwona ni hatari kwa jamii, kwa hiyo Katiba inazuia dhamana kubwa mno bila kuahidi dhamana. Pili ni suala la mfuko. Chukua dhamana ya dola 5,000. Mwenye nazo anaziweka mahakamani, jioni yuko nyumbani, na kesi ikiisha anarudishiwa. Asiye nazo anakwenda kwa wakala wa dhamana, ambaye kwa kawaida hutoza asilimia 10. Hizo dola 500 harudishiwi, hata akionekana hana hatia. Asiye na hata 500 analala ndani akisubiri. Illinois ndiyo jimbo la kwanza kufuta kabisa dhamana ya fedha, kuanzia tarehe 18 Septemba 2023.

Adhabu za kikatili ndizo zilizoandikiwa hukumu nyingi zaidi, hasa juu ya adhabu ya kifo, na hapo kipimo kimeachwa kisogee na wakati. Mwaka 1958 mahakama ilisema maana ya maneno hayo hutokana na viwango vya utu vinavyokua kadiri jamii inavyokua. Ndiyo maana tangu 2005 mtu hawezi kupewa adhabu ya kifo kwa kosa alilolitenda kabla ya kutimiza miaka 18. Ikija kwenye urefu wa kifungo, hata hivyo, sioni mstari ulionyooka. Mwaka 1983 mahakama ilibatilisha kifungo cha maisha cha mtu aliyeandika hundi hewa ya dola 100. Mwaka 2003 ikabariki kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa mtu aliyeiba virungu vitatu vya gofu, kila kimoja dola 399. Wote wawili walikuwa na makosa ya nyuma, na wa pili angeweza siku moja kuomba kuachiliwa mapema. Tofauti ipo, lakini imetosha?

Kipengele cha faini kililala usingizi wa pono. Mara ya kwanza Mahakama ya Juu kukitumia kumwokoa mtu ilikuwa mwaka 1998, zaidi ya miaka 200 tangu kiandikwe. Msafiri mmoja alikuwa akiondoka Los Angeles na familia yake, mizigoni wana dola 357,144. Zilikuwa halali, anakwenda kulipa deni. Kosa lake ni kutozitangaza, maana zikizidi dola 10,000 lazima useme. Serikali ikazitaka zote. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema hapana, adhabu hailingani kabisa na kosa.

Hapo palikuwa na kizuizi kingine. Hapo mwanzo marekebisho hayo yaliibana serikali kuu peke yake, si majimbo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yalifungua njia ya kuyabana majimbo pia, ila mahakama ikaipita njia hiyo kwa hatua za kinyonga, haki moja baada ya nyingine. Zamu ya faini ilifika tarehe 20 Februari 2019, katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana.

Tyson Timbs alifiwa na baba yake. Kwa fedha za bima ya maisha ya marehemu akanunua gari aina ya Land Rover, dola 42,000. Baadaye akanaswa akiuza heroini kwa askari waliojifanya wateja, mara mbili, jumla haifiki dola 400. Alihukumiwa mwaka mmoja wa kizuizi cha nyumbani, miaka mitano ya uangalizi na gharama za kesi. Kisha jimbo likalitaka na gari, ambalo thamani yake ilizidi mara nne faini ya juu kabisa ya kosa hilo, dola 10,000.

Kesi iliposikilizwa, Jaji Breyer alimuuliza wakili wa Indiana: mtu akizidisha mwendo kwa maili tano tu kwa saa, jimbo linaweza kumnyang’anya Bugatti yake, gari la bei mbaya? Wakili akababaika kidogo, kisha akakubali kwamba ndiyo, linaweza. Majaji wote tisa wakaamua kwamba majimbo nayo yanabanwa. Timbs alirudishiwa gari Mei 2020, miaka saba tangu lichukuliwe.

Akiandika hukumu hiyo, Jaji Ginsburg alianzia mbali, kwenye Magna Carta, hati ya kale ya haki ya Uingereza ya mwaka 1215, iliyosema faini ilingane na kosa na isimpokonye mtu riziki yake: mfanyabiashara abakiwe na bidhaa zake, mkulima na vyombo vya kulimia. Lakini swali la kama kipato cha mtu kiingizwe kwenye hesabu, mahakama ililiacha wazi kwa makusudi.

Jimbo la Washington halikungoja. Mwaka 2021 mahakama yake ya juu iliamua kesi ya fundi wa Seattle aliyekuwa akiishi ndani ya gari lake. Jiji lilikuwa limelivuta kwa kuegeshwa sehemu moja muda mrefu, kisha likamdai zaidi ya dola 500. Majaji walipima kipato chake, wakasema kwa mtu wa hali yake kiasi hicho kimezidi. Gari lilipovutwa, zana zake za kazi zilikuwa zimo ndani.