Kabla hujainua gari lako la zamani, pima limelala kiasi gani

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye Land Cruiser, Hilux na Land Rover za zamani hapa Dodoma ni la inchi: fundi, niinue mbili au nne? Nami huuliza langu kwanza: bosi, gari hili hubeba nini siku za kawaida? Kwa mwenye bajeti ndogo, jibu la swali hilo ndilo linalochagua springi. Kimo kinafuata.

Anza na tepu ya kupimia. Egesha gari pahali pa sawa, sakafu ya kituo cha mafuta inafaa sana, shusha mizigo yote, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Pima pembe zote nne na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Springi iliyofanya kazi miaka ishirini huchoka, na gari huweza kukaa sentimita tatu au nne chini ya kimo lilichotoka nacho kiwandani. Mara nyingi upande mmoja umezama zaidi, hasa wa dereva. Mwenye gari la namna hii akifunga springi mpya za kimo cha kawaida na bushi mpya (ile mipira ya kwenye viungo), atatoka gereji gari likiwa limenyanyuka vizuri, na hajagusa breki, propela wala usukani. Ningependa kila mtu ajue hili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Sasa uzito. Springi ngumu na springi ndefu ni vitu viwili tofauti, ingawa zote zitakuonyesha gari limeinuka. Ukifunga springi iliyotengenezwa kubeba kilo 300 za kudumu kwenye gari linalotembea tupu, gari litakaa juu siku ya kwanza na utafurahi. Likiingia barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama hizi za vijijini Bahi na Mvumi, tairi zitakuwa zinarukaruka badala ya kushika ardhi, breki zitakosa mshiko, na mtikisiko wote utaishia kwenye chesisi na migongo ya abiria. Kinyume chake, pikapu inayotoka Hombolo na kreti za zabibu msimu mzima ikifungiwa springi laini italala chini mwaka haujaisha. Ndiyo maana watengenezaji makini kama Old Man Emu wa Australia huuza springi za gari moja katika madaraja kadhaa ya uzito. Mbele pia hesabu: bampa la chuma pamoja na winchi huweza kukaribia kilo 100, na hizo zipo kila siku, usiku na mchana. Hesabu mzigo wa kudumu tu. Safari moja ya kuhamisha vitu vya shemeji isikuchagulie springi.

Njia za bei nafuu ziko nyingi, na ubora wake haulingani. Kuinua bodi peke yake juu ya chesisi kunakupa nafasi ya tairi kubwa, lakini chesisi inabaki pale pale. Speisa, yaani vipande vya kuongeza urefu, juu ya koili (springi za kuzunguka) zinakubalika iwapo koili zenyewe bado nzima na nyongeza haizidi sentimita tatu. Shakoli ndefu, yaani vile vishikio vinavyounganisha ncha ya springi za bapa na chesisi, hukupa nusu tu ya urefu ulioongeza, na hapo hapo hubadilisha pembe ya ekseli, ndiyo maana gari lililofanyiwa hivyo mbele huanza kutangatanga barabarani. Vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za bapa navikubali nyuma tu, tena vifupi. Mbele sivifungi kwa bei yoyote, kwa sababu nguvu ya breki huvipindua.

Kwa magari yenye toshenibaa mbele (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi), kama Hilux Surf na Pajero za mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu hukaza bolti na gari linapanda bure. Linapanda kweli. Ila hapajaongezeka nafasi yoyote ya kucheza, umeihamisha tu: kilichopatikana kwa juu kimetolewa chini, na gurudumu likiingia shimoni linafika mwisho mapema. Bol jointi na mipira ya shafti za mbele ndizo zinazolipa.

Springi za bapa zina biashara yake nyingine, ya kuzigonga nyundo zirudishe mkunjo. Zikigongwa baridi hurudi kulala baada ya muda. Zikichomwa kwa moto wa gesi bila kurudishiwa ugumu wake ipasavyo, chuma kinapoteza tabia ya springi kabisa. Afadhali kuongeza bapa moja refu linalolingana na zile zilizopo. Bapa fupi nene hufanya springi iwe ngumu katikati, na bapa kuu huvunjika pale fupi linapoishia.

Springi zilizotumika za Japani, zile za maduka ya Gerezani kule Dar es Salaam, sizidharau. Ziweke sakafuni mbili mbili: zikipishana urefu, ziache. Koili yenye vishimo vya kutu iache pia, ufa huanzia hapo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani moja ngumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, kuinua springi hakuinui difu (boksi la gia katikati ya ekseli) hata milimita moja. Difu hupanda kwa tairi tu. Ukitoka tairi ya 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinatoka kama milimita 777 hadi 804, na difu inapata nusu ya tofauti hiyo, milimita 13 hivi. Kwa hiyo kama shida yako ni difu kukwaruza tuta la katikati ambapo malori yamechimba njia kwenye udongo wa mbuga, springi ndefu hazitakusaidia peke yake. Zitakachokupa ni pua na mkia kutogonga unaposhuka na kupanda korongo, na nafasi ya hizo tairi.

Kwa mfuko mdogo mimi husimama kwenye inchi mbili, yaani milimita 50. Fedha iende kwanza kwenye bushi, kisha springi, kisha shokapu za urefu unaolingana. Shokapu za zamani chini ya springi ndefu zinageuka kamba ya kuzuia ekseli isishuke, na zitang'oka. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira utabaki umejipinda na kupasuka mapema.

Halafu breki, ambazo mafundi wengi hawazigusi. Land Cruiser na Hilux nyingi zina valvu nyuma yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli, kazi yake kusoma mzigo. Ukiinua gari na kuiacha fimbo ilivyo, valvu inaamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Umepakia magunia, unashuka Nyang'oro kutoka Iringa kuja Mtera, na breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake. Kishikio cha fimbo hiyo kwenye ekseli kipandishwe sawasawa na ulivyoinua. Paipu ya breki ya nyuma nayo ikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho. Ikikaza, weka ndefu.

Wenye Land Cruiser 80, Land Rover One Ten na Patrol zenye koili mbele waulizie bushi za kurekebisha pembe ya ekseli, vinginevyo usukani hautarudi wenyewe baada ya kona.

Baada ya kama kilomita 500 rudi gereji: yuboliti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi za bapa) zikazwe tena, pembe nne zipimwe upya, alaimenti ifanywe. Na taa za mbele zishushwe, maana pua imepanda, na anayekuja mbele yako usiku pale Kibaigwa anahitaji kuona barabara.