Viwanja tisa mlimani, nyumba ngapi?

Mgeni akifika Bukavu na kusikia kwamba mimi ni mwanaakiolojia, huuliza: "Magofu yako wapi?" Hakuna. Magofu ni ya watu waliojenga kwa mawe na chokaa, kama kule Kilwa. Huku Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu mashariki ya Kongo, nyumba ilikuwa duara, ya miti na majani yaliyoshuka mpaka chini. Ukiihama, mchwa na mvua huimaliza upesi. Kinachobaki ni mahame. Kiswahili kina neno jingine zuri zaidi, tongo, na ng'ambo ya mto Ruzizi wanasema itongo.

Nikipanda mlima, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kiwanja, yaani mahali palipo sawa. Kwenye mteremko mkali huwezi kulala bila kukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini, na mkato huo hudumu hata majani yakiufunika. Kisha naangalia mimea: migomba michache iliyosongwa na vichaka, au mstari wa ile miti ya maua mekundu ambayo hupandwa kwa kuchomeka tawi tu, dalili kwamba palikuwa na ua. Udongo nao ni mweusi kuliko wa jirani, kwa sababu ya majivu na samadi. Mifupa usitarajie, udongo wetu una asidi na huila.

Vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, ndivyo vinavyosema zaidi. Juzi niliokota kimoja, kipana kama kiganja cha mtoto, kikiwa na mistari midogo ya mshazari iliyopangana kama punje. Hiyo ni alama ya kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi. Urembo huo ulienea katika Maziwa Makuu kuanzia mwishoni mwa milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kabla yake kulikuwa na vyungu vya mtindo uitwao Urewe, vyenye michoro ya kuchanja na, mara nyingi, kibonyeo kwenye kitako kana kwamba mfinyanzi alikandamiza kidole gumba. Watafiti Jean Hiernaux na Emma Maquet walivieleza vya Rwanda, Burundi na Kivu tangu miaka ya 1950. Ukiokota na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye vitundu, ujue kuna tanuri lililoyeyusha chuma karibu.

Karibu, lakini upande gani? Hapo wanafunzi wangu hukosea kila mwaka. Wanakuta vigae vingi bondeni, wanachora duara kwenye ramani na kuandika "kijiji". Mvua za huku, jembe na maporomoko hushusha kila kitu; sisi tunaokaa chini ya mlima wa Funu hatuhitaji kuelezwa kwamba ardhi hutembea. Vigae vikiwa na kingo zilizolainika, vimesafiri. Panda juu.

Mimi pia nimekosea, tena vibaya zaidi. Kwenye kilima kimoja upande wa Walungu nilihesabu viwanja tisa na kuandika katika daftari: kijiji cha nyumba tisa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia maharagwe alinitazama nikipima, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mwana wangu, unapima nini hapo?"

"Mama, napima nyumba za zamani."

"Hapo alikaa baba mkwe. Mtoto wake akafa, akahamia pale. Pale juu alikaa baba yake, kabla udongo haujachoka."

Akaninyooshea jembe kiwanja baada ya kiwanja. Sita kati ya vile tisa vilikuwa vya ukoo mmoja, vizazi vitatu, na havikuwahi kukaliwa vyote kwa wakati mmoja. Bushi hatukuishi kwa kubanana. Kila boma lilikaa ndani ya migomba yake na kusogea hatua mia mbili au tatu. Nyumba zilizopangwa kando ya barabara ni jambo la juzi.

Makaa ya jikoni yasingenisaidia. Kwa miaka kama 300 iliyopita radiokaboni, kipimo cha maabara cha umri wa makaa, huyumba: kipande kilekile chaweza kuwa cha karne ya 18 au cha mwanzoni mwa karne ya 20. Kumbukumbu ya yule mama ilikuwa kali zaidi ya maabara.

Nilifuta ile "nyumba tisa". Vile viwanja vitatu vya chini, ambavyo hata yeye hakuvijua, ndivyo tutakavyochimba kiangazi kikianza, akishavuna maharagwe yake.